Kiganja Juu ya Mstari

Hotuba kwa mawakili vijana, jioni ya kuamkia siku yao ya kuapishwa

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu katika taaluma, mawakili wenzangu, na hasa ninyi vijana ambao kesho asubuhi mtasimama mbele ya Jaji Mkuu na majoho ambayo bado yananukia duka: habari za jioni. Itifaki naomba ihesabiwe imezingatiwa. Nimepewa nusu saa, na mshereheshaji ameshaniangalia kwa lile jicho la "mzee, watu hawajala."

Mimi ni wakili wa Tanga mjini. Kesi za kuandikwa magazetini sijawahi kuwa nazo. Ugali wangu nimeutoa kwenye mhuri, ule unaosema Wakili na Kamishna wa Viapo. Hati ya kiapo ya cheti cha kuzaliwa kilichopotea, ya majina mawili ya mtu mmoja, ya shamba, ya pikipiki. Juu ya meza yangu kuna kidau cha wino, mhuri wenyewe, na Biblia ambayo jalada lake limeng'aa kwa mafuta ya viganja vya watu. Ukiifungua, ndani kurasa ni nyeupe kama siku ilipotoka dukani. Msahafu nao upo, umevikwa kitambaa cha kijani, nauweka rafu ya juu.

Siku moja akaingia mzee wa Kianglikana kutoka upande wa Magila, Muheza, na hati ya kiapo ya shamba ambayo mwanawe alikuwa amemwandikia. Shikamoo mzee, marahaba mwanangu, za safari, salama tu, vumbi. Nikamsogezea Biblia kama ninavyomsogezea kila mtu, yaani huku macho yangu yakiwa kwenye karatasi ya mtu mwingine. Hakuishika. Akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema: "Wakili, mbona kitabu kimefungwa? Naapia maneno au naapia jalada?"

Nikamjibu kisheria, kwamba sheria haidai kifunguliwe. Jibu lilikuwa sahihi na halikumsaidia chochote. Alichofanya nitawaambia baadaye. Lakini swali lake lilinikaa, na kwa kuwa mchana wa Tanga ni mrefu na wateja ni wachache, nikaanza kusoma habari za watu wanaoapa kitabu kikiwa wazi. Ndipo nikafika Marekani, kwa marais wao, na humo sijatoka hadi leo.

Kule, kwa miaka mingi, Rais alipoapishwa, mara nyingi Biblia ilikuwa imefunguliwa mahali maalumu. Mahali hapo mara nyingi palikuwa pamechaguliwa, pakaandikwa, pakatunzwa kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo unaweza kukaa Tanga, barabara ya kumi na ngapi huko, ukajua kiganja cha fulani mwaka fulani kilitua kwenye Zaburi ipi. Kwa muda mrefu niliichukulia orodha ile kama mapambo ya sherehe, kama maua ya plastiki kwenye meza kuu. Leo naisoma tofauti. Naona mtu anayechagua mstari wa kuapia anatuonyesha, bila kukusudia, kile anachokiogopa.

Tuanze na wa kwanza, maana yeye hakuchagua. Tarehe 30 Aprili 1789, New York, kwenye roshani ya Federal Hall, George Washington yuko tayari, watu wamejaa mtaani, na Biblia haipo. Ikabidi iazimwe haraka kutoka chama cha jirani, St. John's Lodge, ambacho ni cha Freemason. Naona wengine mmetabasamu. Najua neno hilo linavyochemsha vijiwe vya kahawa na magrupu ya WhatsApp. Tulieni. Ilikuwa Biblia ya kawaida ya Kiingereza, imechapwa London mwaka 1767, kubwa na nzito. Katibu wa Seneti, Samuel Otis, akaishika juu ya mto mwekundu. Ilifunguka Mwanzo 49, na kumbukumbu zinataja mstari wa 13: "Zabuloni atakaa pwani ya bahari, naye atakuwa bandari ya merikebu."

Sasa ninyi mliozaliwa pwani mtanielewa nilivyocheka. Taifa jipya linaanza, baba wa taifa anaweka mkono kwenye Neno, na Neno linasema habari za bandari! Mstari huo haumfundishi mtawala kitu. Lakini someni sura yote. Yakobo yuko kitandani, anakufa, amewaita wanawe 12 na anamwambia kila mmoja fungu lake, mwingine baraka, mwingine aibu yake mbele ya ndugu zake. Ni sura ya mirathi. Watu walioachiana nchi bila kuelewana vizuri nani ni nani, na baada ya miaka kama 70 wakapigana wenyewe kwa wenyewe. Hakuna aliyepanga. Ukurasa ulifunguka tu.

Hapa niweke jambo la kisheria, nisije nikaonekana nimegeuka mchungaji. Katiba ya Marekani, Ibara ya Pili, imeandika kiapo cha Rais neno kwa neno, na kwa Kiingereza ni maneno 35. Biblia haimo. Hata ile "Mungu nisaidie" ya mwisho haimo, wanaiongeza wenyewe. Tena maandiko yale yanampa mtu nafasi ya kuapa au kuthibitisha tu, na Ibara ya Sita inakataza mtu kupimwa dini yake kabla ya kupewa cheo. Kwa hiyo John Quincy Adams, mwaka 1825, aliapa kwa kitabu cha sheria. Theodore Roosevelt, Septemba 1901, aliapishwa bila kitabu chochote katika nyumba ya rafiki yake mjini Buffalo, Rais McKinley akiwa amefariki siku hiyo hiyo kwa majeraha ya risasi. Barack Obama, mwaka 2009, Jaji Mkuu aliliweka neno moja mahali pasipo pake, ikabidi kiapo kirudiwe kesho yake ndani ya White House, na safari hiyo hapakuwa na Biblia. Urais wake haukupungua hata siku moja.

Nimpe kidogo nafasi ndugu yangu wa mhuri, kwa sababu hili likizungumzwa mbele ya makamishna wa viapo lazima tupige kifua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Agosti 1923, Makamu wa Rais Calvin Coolidge alikuwa amelala kwa baba yake kijijini Plymouth Notch, jimbo la Vermont. Nyumba haina umeme wala simu. Habari zinaletwa usiku: Rais Harding amefariki. Ni nani atamwapisha? Baba yake mzazi, mzee John Coolidge, alikuwa mthibitishaji wa nyaraka. Mtu wa mhuri, kama mimi! Saa nane na dakika 47 usiku, sebuleni, kwa mwanga wa taa ya mafuta ya taa, baba akamwapisha mwanawe kuwa Rais wa Marekani. Juu ya meza palikuwa na Biblia ya marehemu mama yake, mama aliyemfia akiwa na miaka 12. Coolidge mwenyewe aliandika baadaye kwamba ilikuwa pale karibu na mkono wake, lakini haikutumika, kwa sababu kwao hawana desturi ya kuapa kwa Biblia. Mimi hapo huwa nasimama. Kitabu cha mama kipo, taa ipo, baba yupo, na mkono haukugusa. (Wanasheria wa Washington, kama kawaida yetu, wakaingiwa na shaka kama mtu wa mhuri wa jimbo anaweza kumwapisha Rais wa nchi nzima, na kiapo kikarudiwa kimyakimya mbele ya jaji. Roho mbaya tu.)

Basi, kama sheria haidai kitabu, na hata ukileta kitabu haidai ukurasa, anayefungua ukurasa amefanya hivyo kwa hiari yake. Na jambo la hiari ndilo linalomsema mtu.

William Howard Taft, 1909. Alifungua 1 Wafalme 3, pale Sulemani, kijana mwenye kiti kikubwa kuliko yeye, anapoambiwa omba utakalo. Naye anaomba: "nipe mimi mtumwa wako moyo wa adili niwahukumu watu wako." Taft alikuwa jaji kwa roho yake yote, siasa zilimchosha, na mwisho akawa Jaji Mkuu, kazi aliyoipenda kuliko ile ya urais. Soma tena mstari alioweka kiganja. Mtu anapewa Ikulu, na anaomba mahakama.

Woodrow Wilson, Machi 1917, kipindi cha pili. Zaburi ya 46: "Mungu kwetu sisi ni kimbilio na nguvu, msaada utakaoonekana tele wakati wa mateso." Alikuwa amechaguliwa tena kwa sifa ya kuwaweka Wamarekani nje ya vita vya Ulaya. Tarehe 6 Aprili, mwezi mmoja tu baada ya kiganja kile, nchi yake ikaingia vitani. Mtu huyo alijua. Hutafuti kimbilio mvua ikiwa mbali.

Gerald Ford, 9 Agosti 1974, siku ile ile Rais Nixon alipojiuzulu na kuondoka na helikopta. Mithali 3: "Mtumaini Bwana kwa moyo wako wote, wala usizitegemee akili zako mwenyewe." Hakuwahi kupigiwa kura na taifa, si ya urais wala ya umakamu; alijikuta pale. Aliyemtangulia alikuwa na akili nyingi sana na zilimwangusha. Ford alichagua mstari unaosema usizitegemee.

Na Franklin Roosevelt. Huyu nampenda kwa sababu ya ukaidi wake. Mara nne ameapa, 1933, 1937, 1941 na 1945, na mara zote nne Biblia ile ile ya ukoo wao, iliyochapwa mwaka 1686, na ukurasa ule ule, 1 Wakorintho 13. Biblia yenyewe ni ya Kiholanzi. Yaani umati wote uliokuwa mbele yake, hata ungesogezwa karibu, wengi wao wasingeweza kusoma neno moja pale alipoweka mkono. "Basi, sasa inadumu imani, tumaini, upendo, haya matatu, na katika hayo lililo kuu ni upendo." Mara ya kwanza mabenki yamefunga milango na watu wamepanga foleni za chakula. Mara ya nne vita vya dunia, mwili umekwisha, hawezi hata kwenda kwenye ngazi za Bunge, anaapia nyumbani, White House. Alifariki tarehe 12 Aprili, wiki 12 baadaye. Mtu akirudia mstari mmoja kwa miaka 12, mimi siwezi tena kusema ni mapambo.

Wapo ambao mstari uliwageukia. Hapa naomba tusichekane, maana kesho ni zamu yenu.

Richard Nixon aliapa mara mbili, kila mara Biblia mbili za ukoo zimewekwa pamoja, zote zimefunguliwa Isaya 2:4: "nao watafua panga zao ziwe majembe, na mikuki yao iwe miundu." Januari 1973 aliposema maneno hayo kwa kiganja, Hanoi ilikuwa imepigwa mabomu mwezi uliotangulia, mkataba wa amani ulisainiwa Paris wiki moja baadaye, na kesi ya wale waliovunja ofisi za chama pinzani katika jengo la Watergate ilikuwa ikiendelea mahakamani. Panga alizishughulikia kwa kiasi chake. Kilichomwangusha ni kufuli lililovunjwa usiku, ambalo Isaya hakulitaja. (Sisi Tanzania, tukishamwapisha Rais, wazee wanamkabidhi mkuki na ngao. Isaya angetushangaa, lakini ngao nayo ni jambo la busara.)

Bill Clinton, 1993, Wagalatia 6:8. Naisoma taratibu: "Maana yeye apandaye kwa mwili wake, katika mwili wake atavuna uharibifu." Alichagua mwenyewe! Hakuna adui aliyemfungulia. Desemba 1998 Baraza la Wawakilishi likamfungulia mashtaka, na moja kati ya hayo ni kusema uongo akiwa chini ya kiapo. Seneti haikumtia hatiani. Lakini fikirieni mtu huyo mwaka 1992 mwishoni, usiku, anapekua Biblia kutafuta mstari, na katika maelfu ya mistari yote mkono unasimama hapo. Nani atasema hakuwa anajijua?

Kuna Mika 6:8 pia: "na Bwana anataka nini kwako, ila kutenda haki, na kupenda rehema, na kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako." Warren Harding aliapia mstari huo mwaka 1921, kwenye Biblia ile ile ya Washington. Jimmy Carter akauchagua mwaka 1977, kwenye Biblia aliyopewa na mama yake, ile ya Washington ikiwa mbele yake. Serikali ya Harding ilikuja kunuka rushwa ya visima vya mafuta mpaka waziri wake akafungwa jela. Carter aliondoka baada ya muhula mmoja, watu wengi wakimwona dhaifu, akaenda kujenga nyumba za maskini kwa nyundo yake mwenyewe hadi uzeeni. Mstari mmoja, wino ule ule.

Sasa nije kwenye jambo linalonikosesha usingizi kidogo, mimi niliyekula kiapo na kula kwa kiapo.

Harry Truman, mwaka 1949, aliweka Biblia mbili. Moja kwenye Amri Kumi, nyingine Mathayo 5, pale penye heri za mlimani: heri walio maskini wa roho, heri wapatanishi. Bush mkubwa naye, 1989, Biblia ya familia ilikuwa Mathayo 5 hiyo hiyo. Vizuri sana. Lakini shusheni macho kwenye sura hiyo hiyo, mstari wa 34: "lakini mimi nawaambia, Usiape kabisa." Unaendelea, mstari wa 37: "Bali maneno yenu yawe Ndiyo, ndiyo, Siyo, siyo." Theodore Roosevelt, alipoapa kwa sherehe kamili mwaka 1905, alifungua Yakobo 1, "iweni watendaji wa neno, wala si wasikiaji tu." Waraka ule wa Yakobo ni mfupi, kurasa chache tu. Sura ya tano, mstari wa 12: "Lakini zaidi ya yote, ndugu zangu, msiape."

Unaona mtego? Mtu anaweka mkono juu ya kitabu ili aape, na kitabu chini ya mkono kinamwambia asiape. Wapo Wakristo waliolichukua neno hilo kama lilivyo. Wakweka ni mmojawapo wa makundi hayo, na kwa ajili ya watu kama hao sheria za Kiingereza ziliruhusu kuthibitisha badala ya kuapa. Ruhusa hiyo ikaingia Katiba ya Marekani, ikasafiri na sheria za mkoloni, ikafika mpaka kwetu. Ndiyo maana kesho mtaona kwenye mahakama zetu shahidi Mkristo anaandikwa ameapa, na shahidi Mwislamu anaandikwa amethibitisha. Franklin Pierce, mwaka 1853, aliitumia nafasi hiyo: alithibitisha, hakuapa. Miezi miwili kabla, treni ilipinduka Massachusetts na mwanawe wa pekee aliyekuwa amebaki, mtoto wa miaka 11, akafa mbele ya macho yake. Sitasema zaidi juu ya huyo. Kuna wakati mkono haufiki.

Mimi sijaacha kuapisha watu, na ninyi msiache kazi leo usiku. Ninavyolisoma lile neno la Mathayo, linamlenga yule anayehitaji Mungu awe shahidi ndipo aaminiwe, kwa sababu maneno yake ya kila siku hayana uzito. Mawakili, tusitazamane.

Ndugu zangu Waislamu, sijawasahau. Mwaka 2007 Keith Ellison, Mwislamu wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la Marekani, alipiga picha ya kiapo na Msahafu uliokuwa wa Thomas Jefferson, tafsiri ya Kiingereza, juzuu mbili. Makelele yaliyopigwa! Na ukumbini wabunge wote huapa kwa pamoja bila kitabu chochote. Vitabu vinakuja kwenye picha baadaye. Kilichonivutia mimi ni kwamba yule aliyeandika maneno ya uhuru wa nchi ile alikuwa na Kurani nyumbani, tena aliinunua akiwa mwanafunzi wa sheria kama mlivyokuwa ninyi juzi.

Na Kurani kuhusu viapo inasema kwa picha ambayo sijaipata kwingine kokote. Sura ya An-Nahl, aya ya 91, inaonya watu wasivunje viapo baada ya kuvithibitisha, hali wamemfanya Mwenyezi Mungu kuwa mdhamini wao. Mdhamini! Neno letu kabisa, la mahakamani. Aya inayofuata inasema msiwe kama yule mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Bibi yangu alikuwa anasuka ukili. Kufumua ukili uliokwisha sukwa si kurudi mwanzo. Miyaa inakuwa imekwisha kukunjika, haikai tena sawa.

Tarehe 19 Machi 2021, Ikulu ya Dar es Salaam, siku mbili baada ya msiba kutangazwa, Mama Samia Suluhu Hassan aliapa akiwa na Msahafu mkononi. Wengi wenu mliangalia kwenye simu. Sisi hapa, kama majirani zetu Kenya, tunakiinua kitabu juu kikiwa kimefungwa. Marais wa Marekani mara nyingi walikilaza wazi na kuweka kiganja. Nimewaza sana tofauti hiyo. Kitabu kilichofungwa kinamaanisha chote. Hakuna atakayesema uliapia sura hii ukaacha ile. Kina heshima yake. Hata John Kennedy, Mkatoliki wa kwanza kuwa Rais wao, aliapa kwa Biblia ya ukoo iliyofungwa. Lakini kilichofungwa kinakuruhusu pia usijue chochote kilichomo. Lyndon Johnson, 22 Novemba 1963, ndani ya ndege pale Dallas, jeneza la Kennedy likiwa nyuma na mjane wake amesimama pembeni na damu kwenye nguo, aliapishwa na Jaji Sarah Hughes kwa kitabu kilichookotwa kwenye chumba cha ndege. Walidhani ni Biblia. Kilikuwa kitabu cha sala za misa. Hakuna aliyekifungua.

Na kilichofunguliwa nacho kina mtego wake, ambao niliuona siku nilipojaribu mwenyewe ofisini, mlango umefungwa, karani ametoka kununua vitumbua. Nilifungua Zaburi ya 15, mstari unaosema juu ya mtu mwema, "ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake." Nikaweka kiganja. Mstari ukapotea. Ukiwa unaapa, watu wote wanakuona wewe na kitabu, na mahali pekee ambapo hapasomeki ni pale ulipopachagua, kwa sababu mkono wako umepafunika.

Mwenyekiti, namalizia na yule mzee wa Magila, maana niliwaahidi nitarudi kwake.

Nilipomwambia sheria haidai kitabu kifunguliwe, aliichukua Biblia akaifungua mwenyewe, popote tu, akavaa miwani. Ilikuwa 1 Mambo ya Nyakati, zile sura za mwanzo ambazo hata mapadre wanaziruka: fulani akamzaa fulani, wana wa fulani ni hawa. Nikadhani atageuza atafute pazuri. Akapitisha kidole chini taratibu, akisoma majina kwa midomo, kisha akasema, "Hapa hapa. Hawa wote walikuwa na mashamba."

Akaweka kiganja. Nikaanza kumsomea hati yake, aya ya kwanza, ya pili, kwamba mimi ni mtu mzima na mwenye akili timamu, kwamba shamba hili nilirithi kwa marehemu baba yangu. Aya ya nne. Aya ya tano, kwamba mpaka wa mashariki ni mwembe mkubwa uliopandwa na baba yangu huyo. Akautoa mkono. Akainama akaangalia tena yale majina kana kwamba kuna lake humo.

"Ngoja, mwanangu. Mwembe aliupanda shangazi. Sisi tunaishia kwenye mkorosho."

Nikamwita karani achape upya ukurasa wa pili. Umeme ulikuwa umekatika, tukangoja mpaka saa kumi jioni. Muda wote huo mzee alikaa kwenye benchi la wateja na Biblia yangu mapajani, wazi pale pale, na walioingia nyuma yake kuapa ikabidi wamsubiri.